Sufuria ya Maji Matupu

Nilikuwa na vichekesho vinne bwenini, na vitatu kati yake vilimhusu mama yangu. Cha kwanza kilikuwa jinsi anavyomfukuza kuku wa jirani huku anamsalimia jirani mwenyewe. Cha pili kilikuwa jinsi anavyoongea na simu, amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa, anapaza sauti kwa sababu anayeongea naye yuko mbali. Cha tatu kilikuwa cha sufuria, na hicho ndicho kilichotuharibia nyumba.

Kilikwenda hivi. Niko darasa la nne. Mihogo imeozea ardhini, baba yuko kambi ya wavuvi wa dagaa visiwani, nyumbani Butiama hakuna kitu. Jioni mama anawasha moto, anabandika sufuria ya maji, anafunika, anakaa pembeni na mwiko mkononi. Jirani anapita na pua yake, anauliza, "Leo mnapika nini?" Mama anajibu, "Bado hakijaiva." Mimi na mdogo wangu tunasubiri. Maji yanachemka, yanapungua, anaongeza mengine. Tunasinzia tukisubiri. Bwenini niliigiza wote: mama na mwiko, jirani na pua, mdogo wangu akitafuna usingizini. Mwishoni nilisema, "Na asubuhi maji yalikuwa yameiva vizuri kabisa." Watu walikuwa wanagonga vitanda vya chuma kwa kucheka. Kila muhula nilitakiwa nirudie, kama msanii mwenye wimbo mmoja.

Nilipofika kidato cha tatu, shule yetu ya Musoma ikaanzisha klabu ya filamu. Mwalimu wa klabu alitangaza mashindano ya shule za mkoa: kila shule itengeneze mwanzo wa filamu, dakika mbili tu, halafu zote zionyeshwe ukumbini Bunda. Akaandika ubaoni "uhalisia wa kijamii" na kupiga mstari chini yake mara mbili. Alisema maana yake ni kuonyesha watu wanavyoishi kweli. Hataki jini, hataki ngumi, hataki tajiri anayeshuka kwenye gari akiwa na miwani.

Kwa maneno mengine alitunyang'anya kila kitu tulichokijua.

Tulikuwa wanne. Dairekta alikuwa mvulana wa mtaa wa Kitaji ambaye kwao kuna vigae sebuleni, na alipewa cheo hicho kwa sababu alikuwa na kofia. Kamera mani alikuwa mnene mmoja mkimya, mkono wake hautetemeki. Mwigizaji alikuwa msichana wa kwao Nyasura, Bunda, anayesema ukweli hata asipoombwa. Na mimi, mwandishi wa skripti, kwa sababu kila mtu alidhani mtu anayechekesha anajua kuandika. Wiki mbili tulichora picha za sini nyuma ya daftari la Baiolojia. Mlevi anarudi nyumbani. Mwanafunzi anafukuzwa kwa sababu ya ada. Mwalimu alizitazama zote akasema, "Hizi mmeziona kwenye televisheni. Hakuna hata mmoja wenu mwenye kitu cha kweli?"

Wenzangu wote watatu wakanigeukia mimi.

Nikaisimulia. Sijui kwa nini. Nadhani ni tabia, kama mtu anayekohoa akiombwa kuimba. Nilifanya pua ya jirani, nilifanya mwiko. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Hiyo ndiyo filamu." Nikajisikia fahari, naapa. Dairekta akauliza tutapata wapi nyumba maskini, nikasema, "Twende kwetu. Umaskini upo tayari, hamna haja ya kukodisha." Wakacheka. Ikapita.

Mwalimu alimwandikia mama barua yenye mhuri na kutukabidhi simu yake kubwa ya kurekodia. Tukaenda Jumamosi. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda Nyegina kwenye kikao cha mahari ya mtoto wa ndugu yake.

Hapa nieleze kosa letu, maana hata mimi niliyezaliwa pale sikuliwaza. Mtu akisema kwa barua yenye mhuri kwamba wageni wa shule wanakuja kupiga picha nyumbani kwako, unafanya nini? Mama alikuwa amesiriba upya kuta za jiko kwa udongo mweupe. Sakafu ilikuwa imekandikwa ikang'aa. Viti vyetu vinne vilikuwa vimevikwa vitambaa vya kufuma ambavyo sikuwahi kuviona, akawa ameazima kwa majirani watatu tofauti kwa hiyo rangi zilikuwa tatu. Vikombe vya kuazima, thermosi ya kuazima, na ukutani kalenda ya parokia imenyooshwa. Uwanja umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio imefuatana kama daftari la mwandiko. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la kitenge la akina mama wa kanisani, lile la Pasaka.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Karibuni mkae."

Dairekta alizungusha macho, akanivuta pembeni.

"Oya, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Wewe ulisema kwenu hoi. Mbona kuzuri hivi? Hapa tukipiga, majaji watauliza shida iko wapi."

Nilicheka. Nikasema, "Subiri jioni mtaiona." Lakini dairekta hakuwa anatania, alikuwa ameshika daftari la Baiolojia. Akaenda kwa mama, kwa adabu zote, akavua hadi kofia, akamweleza kwamba filamu inahitaji nyumba ionekane ya kawaida kidogo.

"Ya kawaida?" mama akasema.

"Yaani, kama siku zingine, mama."

Mama alinitazama ili nimtafsirie, kana kwamba wanaongea kizungu. Nikasema, "Wanataka tutoe vitambaa, mama." Akatoa. Alivikunja kimoja kimoja, akavipakata. Tukatoa vikombe. Tukatoa kalenda. Mama alikuwa na mabati mawili mapya aliyoyahifadhi chini ya kitanda kwa ajili ya paa la jiko; moja tukalichukua kurudishia mwanga wa jua ndani. Halafu kamera mani akachukua mkaa, akaanza kupaka ukuta mweupe. Alipaka taratibu, kwa ufundi, mkono wake hautetemeki. Mama alikaa kwenye kigoda akiangalia kazi yake ya siku mbili ikiwa moshi. Alisema kitu kimoja tu: "Huo mkaa utatoka?"

"Utatoka, mama," kamera mani akasema. Hautoki. Upo mpaka leo.

Shida ya pili ilikuwa mwigizaji. Msichana wa Nyasura alifungwa kitenge, akakaa jikoni, tukamtazama. Kichwa cha kunyoa cha shule, mashavu ya mtoto. Alionekana kama anacheza mchezo wa baba na mama.

"Msinidanganye," akasema. "Nikikaa hapa ukumbi mzima unacheka. Mwombeni mama mwenyewe."

Mama alikataa mara mbili, kama inavyotakiwa, mara ya tatu akakubali. Akaanza kulinyoosha lile gauni la Pasaka. Dairekta akakohoa. Mimi nikasema, "Mama, vaa lile la shambani."

"La shambani? Mbele ya wageni?"

"Ndiyo, mama."

Aliingia ndani akakaa sana. Alipotoka amevaa gauni lake la kulimia lenye kiraka begani, hakutazama upande wetu. Mdogo wangu naye, ana miaka kumi na moja, alishapewa kazi ya kukaa karibu na moto na kuuliza, "Mama, bado?" Alifurahi sana kwa sababu aliambiwa asinawe uso.

Dairekta akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, hapa huongei sana. Unabandika maji, unafunika, unakaa na mwiko. Kama ile siku tu."

"Siku ipi?"

Dairekta akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika bati, nikalisogeza kidogo, mwanga ukahama.

"Ile ya maji," dairekta akasema. "Huyu alitusimuliaga. Mama, tulicheka, lakini kwa heshima."

Kamera mani, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesema maneno matano, akaona asaidie. "Bweni zima tunaijua, mama."

Mama aligeuza mwiko mkononi, upande huu na upande ule.

"Alisimulia," akasema. Hakuwa anauliza.

Nilijaribu kutabasamu. Nina tabasamu moja linaloniokoaga kwa walimu. Lilifika nusu likagoma.

Mama akainama, akachomoa kuni mbili kwenye moto. "Haukuwa mkubwa hivi," akasema. "Kuni pia nilikuwa nazibana." Akamrudishia dairekta mwiko. "Na sikukaa na mwiko. Hiyo ameongeza yeye. Nilikaa hivi." Akageuka, akampa mdogo wangu mgongo. "Ili wasinione usoni. Huyu mkubwa alikuwa na macho sana. Pigeni."

Kamera mani akapiga. Mgongo wa mama, moshi, sufuria imefunikwa. Mdogo wangu akauliza, "Mama, bado?" Mama akasema, "Bado kidogo," akafunua sufuria aongeze maji, kamera mani akasogea karibu. Mdogo wangu akauliza tena, lakini safari hii sauti ikatoka nyembamba, kama ya mtoto wa miaka mitano, na hakuna aliyemwambia aitoe hivyo. Mama akasema, "Bado kidogo, lala nitakuamsha." Haikuwa kwenye skripti. Niliyeandika skripti ni mimi.

Dairekta alisahau kusema "kati", ile amri yake ya kusimamisha kamera. Hatukurudia. Teki moja.

Halafu tukala. Mama alikuwa amempika kuku kwa jirani tangu asubuhi ili jiko liwe huru kwa ajili yetu. Ugali, kuku, mchuzi mzito. Alitunawisha mikono mmoja mmoja akiwa bado na gauni la shambani, na kila dairekta aliposema ameshiba alimwongezea. Wenzangu walikula kama watu waliotoka jela. Mimi paja langu nililihamishia kwenye sahani ya mdogo wangu.

Alitusindikiza kwenda barabarani. Wenzangu walitangulia na stendi ya kamera. Mama akapunguza mwendo, nami nikapunguza.

"Baba yako hajui," akasema.

"Hajui nini?"

"Usijifanye mjinga, leo umefanya mengi yanatosha. Kaka zake walimwambiaga akienda visiwani mtakufa njaa huku. Akaenda. Aliporudi kitu cha kwanza aliniuliza, mlikuwa mnakula? Nikamwambia tulikuwa tunakula. Mpaka leo hajauliza tena, ameniamini. Hiyo picha yenu, baba yako asiione."

"Hataiona, mama. Inaonyeshwa Bunda, kwa wanafunzi tu."

"Unaniahidi au unanichekesha?"

"Naahidi, mama."

Jumatatu nikamwomba dairekta aikate sini ya sufuria. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta ya shule, anaunganisha vipande. Akasema ukiitoa kinabaki kijana anatembea kwenda shule, na kijana anayetembea kwenda shule hata dirishani yupo. Nikamwambia niko siriazi. Akasema, "Wewe? Siriazi?" akaita wenzake waje kuona. Nikaenda kwa mwalimu. Mwalimu aliniambia kazi ya namna hii lazima imuume mtu. Nikauliza, "Imuume nani, mwalimu?" Akacheka, akanipiga begani. Alidhani ni kichekesho changu cha tano.

Ningeweza kumweleza yote. Lakini kumweleza kulihitaji nimseme baba, kwamba alitukuta tumekonda akaamini tumeshiba, na hilo lilikuwa zito kuliko kunyamaza. Ningeweza pia kuifuta. Siku moja baada ya vipindi niliachwa peke yangu na kompyuta, faili lipo wazi. Niliiangalia mara nane. Miaka yote nilikuwa namwigiza mama kutokea mbele, na mwiko, na uso nilioutunga mwenyewe, kwa sababu wakati ule nilichokiona kilikuwa mgongo. Kwenye kompyuta mgongo ule ulikuwa unapumua taratibu sana, kama wa mtu anayebeba kitu kichwani na hataki kimwagike.

Sikuifuta. Na sitadanganya kwamba ni kwa sababu ya wenzangu. Ilikuwa nzuri. Nilitaka tushinde.

Ahadi yangu ilivunjwa na barua nyingine yenye mhuri. Shule iliwaalika wazazi wa wanaklabu wote waje Bunda. Barua ilipofika nyumbani aliyeipokea ni baba. Mama hakuweza kumwambia asiende bila kumwambia kwa nini, na mimi, baba aliponipigia kwa simu ya mwalimu kuuliza inaanza saa ngapi, nilimtajia saa tu. Baba alinung'unika kwamba hajawahi kuitwa shuleni kwa jambo la heri. Hiyo ni kweli, mara zote tatu alizoitwa ilikuwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mama alibaki, alisema kichwa kinamuuma. Baba akakaa pembeni yangu ukumbini, akamsalimia kila mtu aliyekuwa karibu. Zilionyeshwa filamu za shule zingine, akapiga makofi kwa zote, hata ile ambayo sauti iligoma.

Ikaja yetu. Kijana anatembea kwenye vumbi. Halafu jiko.

"Jiko letu hilo," baba akamwambia mzee aliyekaa upande wake mwingine, akimgusa goti. "Hilo ni jiko letu, Butiama. Yule ni mama watoto."

Yule mzee akamwambia hongera.

Mdogo wangu akauliza, "Mama, bado?" Baba bado alikuwa anatabasamu. Sufuria ikafunuliwa, kamera ikaingia karibu, maji matupu yanacheza. "Bado kidogo, lala nitakuamsha." Sikumtazama baba usoni, nilitazama mkono wake uliokuwa kwenye goti la yule mzee. Aliurudisha taratibu, akauweka kwenye goti lake mwenyewe.

Walipiga makofi sana. Tulishika nafasi ya pili. Dairekta alirusha kofia ikanasa juu ya feni.

Nje baba alisimama kivulini karibu na bomba, akanisubiri nimalize kupongezwa.

"Hiyo hadithi ametunga nani?"

"Tumetunga klabu, baba."

"Mmetunga."

"Ni filamu tu."

"Mdogo wako hajui kuigiza," akasema. "Hata kuugua kwa uongo hawezi. Yule alikuwa anakumbuka. Ilikuwa mwaka gani?"

Mimi huwa sikosi neno. Nimewahi kuchapwa nikiwa nachekesha. Pale nikajibu nilichoulizwa.

"Nilikuwa darasa la nne."

Alifikiri. Nilimwona anarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka akafika.

"Nilikuwa kisiwani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Dagaa walioanikwa wakinyeshewa hawajakauka wanaoza. Sisi kambini tulikuwaga tunawamwaga. Tunawarudisha ziwani kwa makarai." Akafuta shati mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Makarai na makarai."

Halafu akasema nisichelewe gari la shule. Akaenda kutafuta usafiri wake. Sisi tulirudi Musoma tukiimba, na mimi niliimba, kwa sababu ningenyamaza wangeuliza.

Sikuwepo alipofika nyumbani, na hakuna aliyenieleza walichoambiana. Nilirudi likizo ya mwezi wa sita. Hakukuwa na ugomvi. Mihogo ilikuwa imestawi vizuri, ghalani mtama upo, mama anapika mchana na jioni kama kawaida. Kwangu hakusema lolote baya. Alinipakulia, akaniuliza habari za shule, akasikiliza majibu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mbele yangu sasa anaongea kwa kuchagua. Simu ikiita anatoka nayo nje, anaongea polepole, hasimami wima tena.

Siku ya tatu baba alitoka kwenye kibarua cha ujenzi mchana, akaegemeza baiskeli. Zamani angesema kutokea uwanjani, "Mama watoto, mmekula?" na mama angejibu akiwa jikoni. Safari hii alipita mlango wa jiko, mama yumo ndani anaosha sufuria, akaenda mpaka chini ya ukuta alipokuwa amekaa mdogo wangu na madaftari yake. Akachuchumaa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali na dagaa."

"Ukashiba?"

"Nimeshiba, baba."

Akaendelea kumtazama usoni. Mdogo wangu, ambaye inaonekana alishazoea, akapanua mdomo na kutoa ulimi aukague. Jikoni sauti ya kuosha ikakoma. Baba akainuka, akashukuru, akaenda kunawa.